Chekeche la Shaba

Mke wangu Severina alikuwa anapima udongo kwa meno. Hakuanza yeye. Mama yake alipima hivyo, na bibi yake vilevile. Unachukua kidogo kwenye ncha ya kidole, unaweka kati ya meno ya mbele, unasaga taratibu. Mchanga ukilia, udongo bado, urudi kinuni. Ukinyamaza, unafinyanga. Kwetu Uhehe mwanamke asiyejua kuusikiliza udongo kwa meno hawamwiti mfinyanzi, hata vyungu vyake viwe vizuri namna gani machoni, maana vitapasukia kwenye moto.

Nayaeleza haya mwanzo kwa sababu wale waliotuletea kiwanda hawakuyauliza. Watu wa namna ile hawaulizi. Wanafika na gari, wanashusha vitu, wanapigwa picha, wanaondoka, na sisi tunabaki na vitu vyao.

Mwaka wa sabini na nne tulitolewa kwenye bonde letu huko Iringa tukapangwa mistari mistari kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Shimo la udongo la wakwe zangu likabaki nyuma, maili saba. Mwaka uliofuata wakatujengea banda la bati na tanuri la matofali, likaitwa kiwanda cha ufinyanzi cha kijiji. Wanawake saba wakaandikwa wafinyanzi, Severina wa kwanza. Mimi nikaandikwa mtwanga rangi. Nilisoma mpaka darasa la pili, kisomo cha watu wazima kikanimalizia herufi, basi nikaonekana nafaa kukaa karibu na mikebe yenye maandishi.

Mikebe hiyo ililetwa na Ndugu Yotamu, meneja wetu. Meneja asiyekaa na watu wake. Nyumba yake ilikuwa Iyunga, Mbeya, na sisi tulimwona mara moja kwa mwezi, Landrova ikija kuchukua vyombo. Siku ya mikebe alituambia zama za chungu cheusi zimekwisha, sasa tutatengeneza sahani za rangi zinazong'aa kama za dukani. Akafungua mkebe mmoja mmoja: kijani, buluu, kahawia, njano. Unga mlaini, unapeperuka ukipumua karibu.

Unga ule si kama rangi ya kuchovya nguo. Hauyeyuki. Ukiutia majini unakaa kidogo halafu unazama chini wote, kama mchanga wa mtoni, kila mara ukoroge. Na juu ya udongo wetu mwekundu rangi inakufa, haionekani. Kwa hiyo tulichukua udongo mweupe wa Malangali, tukaukoroga kuwa uji, tukatia unga wa rangi, vijiko kumi kwa vijiko mia vya udongo. Uji huo ndio unaopakwa kwenye sahani kabla haijakauka sawasawa. Inachomwa, halafu inachovywa kwenye maji mengine mazito ambayo yakichomwa tena yanageuka kioo juu ya chombo. Ndiyo kazi yenyewe. Ubaya wake ni mabonge. Unga ukibaki na vibonge, sahani inatoka tanurini ina madoa kama mtu aliyeugua ndui, na Ndugu Yotamu anaikataa.

Chekeche hatukuwa nalo. Tulichuja kwa kipande cha kanga, na kanga inapitisha vibonge. Basi nilitwanga, nikachuja, nikatwanga tena, halafu nikamwita mke wangu nikiwa nimeshika kijiko: "Mama Apolonia, njoo usikilize." Akaja, akachovya kidole, akatia mdomoni. Mara nyingi ilikuwa njano, kwa sababu njano ndiyo iliyokuwa na ukaidi kuliko zote. Nakumbuka mara ya kwanza nilimuuliza ina ladha gani. Akasema haina ladha ya udongo wala ya kitu chochote, kama kulamba kijiko kitupu. Tukacheka.

Mwaka haukuisha. Kwanza tumbo. Lilimkata mpaka anakunja magoti, na choo hapati siku tano, sita. Zahanati wakampa dawa ya minyoo, halafu klorokwini, halafu wakamwambia apumzike, kama vile kijijini kuna mahali pa kupumzikia. Akapauka. Kwenye ufizi, chini kabisa ambapo jino linaingia, ukatokea mstari mwembamba, rangi ya wino. Niliuona nikimlisha uji, maana mwishoni nilimlisha mimi. Mikono yake ilikuwa imeanguka. Simaanishi ilikuwa dhaifu tu. Viganja vilining'inia kutoka kwenye kifundo, akinyoosha mkono kiganja kinatazama chini kama jani la mgomba lililopigwa na baridi. Mikono iliyofinyanga mitungi ya kumfika mtu kiunoni haikuweza kushika kikombe.

Alikufa Desemba ya sabini na sita. Watu wakasema shimo la udongo limemkasirikia kwa kuhama bila kuliaga. Na mimi nilisema. Nilisema mengi. Nilisema ni Operesheni iliyotutoa kwenye maji mazuri. Nilisema ni unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada tuliyokula mwaka wa njaa. Nilisema ni zahanati, nilisema ni katibu kata, nilisema ni mjumbe wa nyumba kumi aliyechelewesha barua ya kwenda hospitali kubwa. Nililaumu kila mwenye mhuri. Watu wakaanza kunikimbia pale kilabuni, wakiniona nakuja wanamaliza pombe zao.

Binti yetu Apolonia akakaa kwenye ndoo ya mama yake. Mume wake yuko Chunya anachimba dhahabu, mwaka wa pili hajaandika, ila alipita mara moja Oktoba na kumwachia mimba. Apolonia ndiye aliyerithi meno. Mama yake alimfundisha tangu mdogo, na katika wale wanawake saba hakuna mwingine aliyeaminiwa. Mimi nikatwanga, yeye akaonja. Nilimpelekea kijiko kwa mkono huu huu.

Februari Chama kikazaliwa upya, na rangi za Chama zikawa kijani na njano. Hapo ndipo tulipojua kazi. Ndugu Yotamu akaja na agizo: sahani mia mbili za Saba Saba, ukingo wa kijani, katikati njano, na wageni wakubwa watakulia humo. Tukawa tunatwanga njano kutwa.

Mwezi wa sita Apolonia alikuwa anakunywa chai kwenye kizingiti. Kikombe kikamtoka mkononi. Akakitazama, akasema ameshikwa na usingizi. Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha, na kiganja kikachelewa kuinuka. Kikainuka, lakini kikachelewa. Nikamuuliza tumbo. Akasema mimba ndivyo zilivyo, baba, wewe utajuaje.

Nilikwenda kukaa nyuma ya tanuri nikafikiri kwa akili yangu hii ya darasa la pili. Maji tunakunywa wote. Unga wa Yanga tulikula wote. Tulihamishwa wote. Wanawake saba wanafinyanga, sita wazima. Anayeonja ni mmoja. Alikuwa mmoja, akafa, akaingia wa pili.

Nilimwambia siku hiyo hiyo aache kuonja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Baba, mwaka jana ulisema ni mahindi. Kwenye matanga ukasema ni katibu kata. Pasaka ukasema ni barabara. Leo ni rangi. Mwezi ujao itakuwa nini?"

Wenzake wakainamisha vichwa wasicheke. Mmoja akasema labda mwezi ujao zamu ya padri.  Nilikuwa nimeumaliza mdomo wangu wote kwa lawama, na siku nilipokuwa na jambo la kweli hakukuwa na mtu wa kulipokea.

Nikachukua mkebe mtupu wa njano, ule wenye maandishi ya Kizungu ubavuni, nikapanda lori la mbao mpaka Mbeya.

Stoo yetu ilikuwa Iyunga, kando ya barabara. Karani wake alikuwa mzee wa Kinyakyusa aitwaye Alinanuswe, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimweleza. Hakunicheka. Akashusha faili lenye vumbi, akatoa karatasi. Alisema ilikuja na mikebe, ilitakiwa ibandikwe ukutani kiwandani. Juu yake palikuwa na mhuri wa kupokelewa, Januari sabini na sita, na chini, kwa kalamu nyekundu, mtu ameandika: Faili, hawasomi Kiingereza.

Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Njano ina risasi, madini yale yale yaliyo kwenye betri ya gari. Isiingie mdomoni. Mikono inawe kabla ya kula. Mwanamke mjamzito asiiguse. Itumike kwa mapambo, si kwa vyombo vya chakula. Ichekechwe kwa chekeche la shaba lililomo kwenye sanduku, namba yake hii hapa.

Nikamwambia arudie hilo la mwisho.

"Chekeche lilikuja, Ndugu Kalinga," akasema. "Nilisaini mwenyewe. Ndugu Yotamu alilichukua siku ile ile, akasema anawaletea."

Ili asiione hasira yangu, nilimshukuru kwa Kinyakyusa chake, ndaga, nikatoka na karatasi aliyoniachia nimeibana kifuani.

Nyumba ya meneja haikuwa mbali. Mwenyewe alikuwa kwenye mkutano. Mkewe, Yudith, alinikaribisha vizuri, siwezi kusema vingine. Aliniita baba, akanipa kiti jikoni kwa sababu sebuleni kulikuwa kunapigwa deki, akanimiminia chai ya maziwa. Alikuwa anatengeneza maandazi. Na kwenye beseni la unga, akilitikisa kwa mikono yote miwili huku ananiuliza habari za mvua za Iringa, alikuwa na chekeche. Duara la shaba, wavu wake laini kiasi kwamba unga ulishuka kama moshi. Nilisogea karibu kidogo. Kwenye ukingo palikuwa na namba, na namba ile ilikuwa kwenye karatasi niliyoibana kifuani.

Nikanywa chai. Nilifikiri juu ya kipande cha kanga. Nilifikiri juu ya kijiko. Mwaka mzima mke wangu alikuwa anafanya kwa ulimi kazi ya chombo kile, na chombo kile kilikuwa hapa kinachekecha unga wa maandazi.

Yudith alipotoka kumfuata mtoto aliyeanguka uani, nililiingiza chini ya koti nikaondoka. Sikuaga. Nilikuwa sijawahi kuiba kitu tangu nizaliwe, na sikuona kama naiba.

Nilirudi nikijua kwamba sasa wataamini. Nina karatasi yenye mhuri na nina chekeche mkononi. Niliwakusanya wale wanawake nikawasomea yote kama Alinanuswe alivyonisomea, maana nilikuwa nimeyashika kwa kichwa. Katibu wa kiwanda akaitazama karatasi juu chini akasema ni Kiingereza, nani atajua kama ndivyo inavyosema. Akasema Saba Saba imebaki wiki tatu, na anayevuruga kazi ya Chama ana jina lake.

Apolonia hakuitazama karatasi. Alilitazama chekeche. Alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye wavu, na kwa mara ya kwanza tangu matanga nikamwona binti yangu amependa kitu. Akamimina uji wa njano. Ukapita laini, bonge halikupita hata moja, yote yakabaki juu. Moyo wangu ukashuka mahali pake.

Halafu akachovya kidole kwenye uji uliopita, akakitia mdomoni.

"Apo," nikasema.

"Nalipima, baba. Nitajuaje kama limefanya kazi?" Akasaga kwa meno, macho ameyafumba, kama mama yake kabisa. "Limenyamaza. Linajua kazi kweli."

Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Nilimwambia chombo kipo, ulimi wa nini. Akaniambia mama hakuwahi kupaka uji ambao hakuusikiliza, na yeye hatakuwa wa kwanza kuwapa watu sahani ambayo hajaijua. Nilimpigia magoti, mimi baba yake, mbele ya ndoo. Akaniinua, akaniambia nikapumzike. Mimba ilikuwa miezi minane. Nilipomwomba afungue mdomo niuone ufizi, alifunga midomo akageuka.

Siku ya nne Landrova ikaja. Akashuka Ndugu Yotamu, na nyuma yake mgambo mwenye rungu. Wanawake wakasimama na mikono yenye udongo. Meneja alikuwa mtulivu. Alisema yeye si mtu wa ugomvi, amekuja kuchukua mali yake iliyotoka jikoni kwake, na mzee huyu itabidi aende kituoni akaeleze. Nikamwambia mali ni ya kiwanda, namba iko kwenye karatasi. Akasema karatasi ni ya ofisi, nayo nimeiba, kwa hiyo makosa ni mawili.

"Na hayo unayowaambia kina mama kuhusu sumu," akasema, sasa akiongea nao wao, "ni uchungu wa msiba. Tumwelewe. Hii ni rangi tu. Ingekuwa na madhara ningewaleteeni mimi?"

Katibu akaitikia. Mgambo akanishika mkono. Sikupinga. Nilikuwa nimechoka, na nilimwona Apolonia kando ya ndoo, njano kwenye kona ya mdomo, akimwitikia meneja kwa kichwa kama mtoto wa shule. Nikajua nimeshindwa, basi. Nitakaa ndani, yeye ataonja, na nitaletewa habari.

Ndugu Yotamu akalichukua chekeche kutoka juu ya ndoo. Lilikuwa bado linadondoka. Njano ikamtiririka kwenye vidole mpaka kwenye mkono wa shati. Akaliweka chini haraka, akaomba maji. Wakamletea. Akanawa, akaomba sabuni, akanawa tena, akazitazama kucha zake, akanawa mara ya tatu. Halafu akamimina maji kwenye chekeche, akalitikisa. Maji yakatoka njano. Akamimina mengine. Njano. Kwenye mshono, pale wavu unapoingia kwenye ukingo, rangi ilikuwa imekaa na haikutaka kutoka. Akalishika kwa ncha za vidole, mbali na suruali, akalitazama.

 Sisi tunajua kutazama mikono ya mtu, ndiyo kazi yetu.

Aliyeuliza ni Apolonia. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Ndugu Meneja, utalipeleka jikoni kwa mama?"

Akajibu kwamba hapana, hapana, basi libaki hapa kwanza, kiwanda kilitumie, yeye ataandika ripoti.

"Si umesema limetoka jikoni kwako? Na hii ni rangi tu?"

 Meneja alitafuta mahali pa kuliweka lile chekeche asipate, mwisho akaliweka juu ya tofali, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka yai, akafuta vidole kwenye nyasi. Akamwambia dereva awashe gari.

Nilimwona binti yangu akiyatazama yale majani yaliyofutiwa vidole.  Kisha akaiweka kata aliyokuwa nayo mkononi, akainuka kwenye ndoo, mzito, akishika mgongo, akatembea mpaka kwenye pipa la maji la tanuri. Wanawake wengine wakanyanyuka mmoja mmoja, wakaacha sahani zile mbichi juu ya mbao.

Mgambo alinipakia nyuma. Nilikaa nikitazama nje kupitia turubai. Apolonia alikuwa ameinama juu ya pipa. Alichota maji kwa kiganja, kiganja kikichelewa kuinuka, nusu ikimwagika kabla ya kufika mdomoni. Akasukutua, akatema. Akapitisha kidole kwenye ufizi, akakitazama, akasukutua tena, akatema. Mkono mwingine ulikuwa juu ya tumbo.

Gari likaondoka. Mpaka tunaingia barabara kuu bado alikuwa anasukutua.